Gauni la Mikunjo Tisa

Kama wiki iliyopita hukunisoma, hukukosa jambo la kujivunia. Nilikiri kwamba tumbo langu ni la pamba.

Sisemi kwa mafumbo. Ni pamba ya kujazia mito, nimeishonea mfuko na kuifunga kiunoni chini ya gauni. Mtoto aliyekuwa tumboni alitoka mimba ikiwa ya mwezi wa tano, siku niliposafiri kununua vitambaa. Nikalala hospitali ya ugenini, kesho yake nikarudi nyumbani nikasema gari liliharibika njiani. Mama mkwe akanipa chai, akaniambia pole kwa safari.

Tangu siku hiyo ni miezi miwili.

Wapo mlioniandikia kuuliza kwa nini. Mmoja ameniita tapeli, tena kwa herufi kubwa. Nitajibu mara moja tu, kisha tuendelee, maana ya wiki hii ni mazito zaidi.

Nyumba hii ina gauni. Mama mkwe alilishona mwenyewe ujanani mwake kwa pamba nzito isiyotiwa rangi. Ni refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, mikono yake inafika viganjani, na kifuani kuna kipande kinachofunika mpasuko wa kunyonyeshea, mama asije akajifunua mbele za watu. Mbele ya tumbo kuna mikunjo tisa iliyoshonwa kwa mkono. Mimba ikitangazwa, mama anafumua mitatu kwa pamoja. Baada ya hapo ni mmoja kila mwezi, kwa wembe, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa.

"Gauni hili limemzaa mume wako," huniambia kila akilishika.

Ndilo lililotupa riziki. Duka letu la chumba cha mbele linashona nguo za wajawazito na wanaonyonyesha, za pamba na kitani tu, za heshima, na kila moja ni mdogo wa gauni hilo.

Mimba ikiharibika, mama anairudisha mikunjo siku hiyohiyo, analifua gauni na kulianika kwenye kamba ya mbele. Majirani wakiliona limebanwa hivyo wanajua. Hawaulizi kitu. Wanakuja, wanakaa nasi, wanaondoka.

Limeanikwa mara mbili kwa ajili yangu. Mara ya pili mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika mama macho yote mawili. Akarudisha mikunjo kwa kupapasa, akajidunga sindano mpaka damu ikaingia kwenye kitambaa. Akaniambia, "Mwanangu, mara ya tatu mkono wangu hautaweza."

Basi mara ya tatu sikumpa kazi hiyo. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa na miaka tisa, huyu ndiye aliyenifundisha kushika sindano na ndiye mama pekee niliyebaki naye. Niliogopa kumvunja, na niliogopa kumpoteza. Jibu langu ndilo hilo. Mwenye kuniita tapeli aendelee.

Sasa tumbo la uongo lina taabu moja: halijui likue kiasi gani. Wanawake wanaojaza nguo huishia kuonekana wamebeba tikiti. Mimi ni fundi, nikapata dawa yangu. Nina mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mimba yake na yangu zililingana mwezi. Kila alipokuja kuongezewa gauni nilimpima, nikaandika daftarini, na jioni nikajiongezea pamba kiasi kilekile. Akiongezeka vidole viwili, nami viwili.

Hata kuufunga ule mto hakukunisumbua. Ndani ya gauni, usawa wa kiuno, kuna vitanzi vinne vya utepe. Siku zote nilidhani ni vya kutundikia. Nikapitisha kamba za mto humo, ukatulia hapohapo, hausogei hata nikikanyaga cherehani kutwa nzima. Nikajisemea, angalau gauni limenihurumia.

Ndipo nilipowaacha wiki iliyopita: mama amesimama mbele yangu na uzi wake wa mafundo, tayari kunipima.

"Geuka," akasema.

Nikageuka.

"Inua mikono."

Nikainua kama mwizi aliyekamatwa sokoni.

Mama ni mtu wa sitara. Tumbo la mwanamke haligusi kwa kiganja, hata liwe la mkwewe. Hulipima kwa uzi, juu ya gauni. Na kwa kuwa tarakimu za tepu hazioni tena, uzi wake ameupiga fundo kila baada ya vidole viwili, anahesabu kwa kidole gumba.

Akauzungusha. Akaanza kuhesabu chini kwa chini. Alipofika ishirini na nne nilitegemea atasimama. Akaendelea. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Ishirini na saba.

Akarudia upya. Ishirini na saba ileile.

"Umekula nini wewe?"

"Nilichokula jana, mama."

Akapapasa fundo la mwisho. Uzi ulikuwa bado umenizunguka.

"Mwanangu," akasema, "hili si tumbo la mtoto mmoja."

Nikajua nimeumbuka. Nikafungua mdomo niombe radhi kabla hajanivua gauni.

"Ni mapacha!"

Jamani. Yule mwanamke anayetembea kwa kushika kuta aliruka. Akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza dirishani kuna nini. "Mapacha!" akamjibu. "Mkwe wangu amebeba mapacha!" Nikasimama katikati ya duka, mikono bado juu.

"Leta simu. Bonyeza namba ya mumeo, mimi sioni."

Nikaibonyeza kwa kidole changu mwenyewe.

Mume wangu ni dereva wa greda. Anachonga barabara mbali sana na hapa, huja nyumbani kwa likizo, na tangu balaa hili linipate alikuwa hajaja. Simu iliita, ikapokelewa, greda likawa linanguruma kuliko sauti yake.

"Mama, sema tena, sikusikii!"

"Wawili, baba! Ni wawili!"

Greda likazimwa. Kisha nikasikia wenzake wanashangilia, mmoja anapiga honi.

"Nipe mke wangu," akasema. Mama akaniwekea simu sikioni.

"Mama watoto," akaniita. Hakuwahi kuniita hivyo. Mimba mbili za kwanza aliogopa, akasema tusubiri. "Umesikia? Wawili."

"Nimesikia."

"Mungu ameturudishia wale wawili."

Machozi yakanitoka. Akadhani nalia kwa furaha, akanibembeleza. Akasema ataomba ruhusa, wiki ijayo yuko nyumbani.

Mimi nikabaki najiuliza nilikosea wapi. Vipimo nilichukua kwa uangalifu. Nilinakili kidole kwa kidole.

Jibu lilikuja lenyewe kesho yake, saa nne asubuhi, likiwa limebeba mkoba wa madaftari ya wanafunzi.

"Fundi wangu," akasema Mwalimu, akajitupa kwenye kiti, "niongezee hili gauni kabla sijalipasua. Na usinicheke, nina habari."

"Sikucheki."

"Nimekwenda kupiga picha ya tumbo. Wamo wawili humu! Ndiyo maana navimba kama mkate!"

Tepu ikanitoka mkononi.

Nilikuwa nimenakili tumbo la watu wawili. Miaka kumi na miwili ya ufundi, nashona kwa macho yaliyofumbwa, na sikuwahi kujiuliza mwanamke mwembamba vile anaongezeka vidole vitatu kwa wiki mbili kwa nini. Kama ningekuwa nashona gauni lake tu ningeona. Lakini nilikuwa nashona uongo wangu, na mwongo haangalii cha mwenzake, anaangalia kitakachomfaa.

"Hongera," nikamwambia. Nikaokota tepu.

"Na wewe unavyoonekana, Fundi, usishangae nawe ukawa nao wawili. Tuko sawasawa!" Akacheka. Mwalimu ni mtu mzuri. Alikuja kwetu mara ya kwanza ana vipele mwili mzima kwa nguo za nailoni alizouziwa na mtu, anajikuna mbele ya darasa. Nikamshonea kitani laini, nafasi kwapani, shingo ya juu. Tangu hapo anatuletea walimu wenzake.

Nilikuwa napima mbele ya tumbo lake aliposhtuka, "Ah! Anapiga teke! Lete mkono."

"Acha tu, Mwalimu."

"Lete!"

Akanishika mkono akauweka. Teke likaja, dogo, la upande. Halafu jingine kutoka upande wa pili.

"Wako wanacheza?" akaniuliza.

"Wametulia leo."

Nikamwambia nafuata pini. Nikaenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nikauma kitambaa cha kwanza nilichokishika ili asinisikie. Mikononi nilikuwa na teke la mtoto wa mwenzangu, tumboni nina mto.

Kuna jambo sikuwaambia wiki zilizopita kwa aibu. Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, maziwa yalikuja. Hayakuwa na habari kwamba hakuna wa kuyanyonya. Nilijifunga kifua kwa kitambaa lakini pamba haizuii kitu, inanyonya, na gauni lilikauka kifuani likawa gumu kama limetiwa uji. Mama akanusa. "Unanukia maziwa, mwanangu. Mwili unajiandaa mapema." Akafurahi siku nzima.

Ningemwambia siku ile. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Lakini alikuwa anaimba.

Sasa sikilizeni mambo yalivyonijia kwa mkupuo. Mama alikuwa kwenye orodha ya upasuaji wa jicho. Zamu yake ikaangukia wiki ileile ya kuja mume wangu. Nikampeleka asubuhi, nimejifunga mto wangu, wauguzi wananipisha mlangoni na kunipa kiti. Mchana wakamtoa, jicho la kulia limefungwa bandeji. La kushoto linaona mwanga tu, litafanywa baadaye.

Daktari wa macho akanivuta pembeni. "Kesho asubuhi mlete tumfungue. Mpaka hapo asiiname, asibebe kitu, na msimpe habari ya kumliza."

"Ya kumliza?"

"Ndiyo. Nyie wanawake mkikutana hamkosi cha kulilia."

Tulipofika nyumbani nikamlaza, mito mitatu mgongoni. Akanishika kiganja.

"Unajua nimeshaamua nitaanza kuona nini?"

"Nini, mama?"

"Kesho wakinifungua, usimruhusu mtu kusimama mbele yangu. Wala daktari. Simama wewe, umevaa gauni langu. Nataka jicho langu lianze na tumbo lako."

Nikasema sawa, mama. Neno gani jingine ningesema?

Nikatoka nikaenda dukani, nikafunga mlango na komeo mchana wa jua kali, nikakaa mbele ya cherehani.

Nilipiga hesabu ya kila njia. Mama angenitazama kwa jicho jipya la fundi aliyewashonea wajawazito miaka arobaini. Angejua kabla sijapumua. Mume wangu alikuwa ameahidi kufika kesho jioni, na huyo hapimi kwa uzi, angeweka mkono. Hata nikiwapita wote wawili, mwezi wa tisa ungefika. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa wananisema mimi.

Na zaidi ya yote, sikutaka jicho lile lianze na mto.

Nikavua gauni. Nikafungua kamba za mto kwenye vile vitanzi vinne, nikauweka chini. Kwa miezi miwili sikuwa nimeliona tumbo langu mchana. Lilikuwa limelala, limelegea, lina mistari yake. Nikavaa dera langu la zamani.

Maneno ya kumwambia mama sikuwa nayo. Lakini nyumba hii ina njia yake ya kusema jambo hilo, nami naijua kazi yake. Nikatunga uzi kwenye sindano.

Pamba ya zamani haisahau. Matundu ya sindano ya mama yalikuwa bado yapo, nikayafuata moja moja. Mkunjo wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu kuna lile doa la damu yake, limegeuka rangi ya chai. Nikashona juu yake. Kisha wa nne, na wa tano, ambao ndio mwezi alioondoka. Wa sita na wa saba nilishona kwa aibu, maana hiyo miwili mama aliifumua kwa baraka zote, anaomba dua, na ndani hamkuwa na mtu.

Nikakata uzi kwa meno. Nikalikunja gauni, nikaenda chumbani kwa mama.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Hatua zako nyepesi leo."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwekea gauni mapajani.

"Unaleta nikufumulie wa nane? Mwezi haujafika, una haraka gani?"

"Lishike tu, mama."

Akalishika huku akitabasamu. Vidole vikaenda kwenye mkunjo wa kwanza, vikasimama. Vikaenda wa pili. Tabasamu likawa bado lipo usoni, nadhani lilikuwa halijapata habari. Wa tatu. Wa nne. Vidole vikaenda polepole sana mpaka wa tisa, vikarudi wa kwanza, vikaanza tena, kama mtu aliyesoma barua akaona hakuielewa.

Nilisubiri apige kelele. Hakupiga.

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

"Safari ile."

"Safari ile, mama."

"Gari halikuharibika."

"Halikuharibika."

"Na mimi nikakupa chai."

"Ulinipa chai, mama. Na mkate."

"Nikanusa maziwa. Mimi, mtu mzima, nikanusa maziwa nikaimba."

Nikaanguka miguuni pake, nikaweka kichwa kwenye blanketi. Nikamwambia yote. Mto, daftari, Mwalimu na mapacha wake. Nikamwambia sikutaka mkono wake urudie kazi ile mara ya tatu. Nikamwambia akitaka niondoke nitaondoka leo, ila anisamehe kwanza, maana nikitoka hapa sina pengine pa kusema mama.

Akaniacha nimalize.

"Alikuwa nani?" akauliza.

"Msichana."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa na vidole vyote."

"Mlimfunga na nini?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko yote. Miezi miwili nalikimbia. Watoto wangapi wa mji huu wamepokewa na kitambaa kilichopita mkononi mwangu, kimelowekwa, kimefuliwa mara tatu kisiwakwaruze?

"Nailoni, mama. Muuguzi alimfunga kwenye nailoni, akasema watamzika wao. Nilikuwa na jora zima la pamba kwenye mkoba, limekaa chini ya kitanda. Sikukumbuka kukata hata kipande."

Kidevu chake kikaanza kutetemeka.

"Usilie, mama. Daktari amekataza."

"Daktari alinde jicho lake. Moyo hakuupasua yeye."

Akalia. Chozi likapita chini ya bandeji. Nami nikalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na mkono wake ukaja juu ya kichwa changu ukakaa hapo. Hakunifukuza. Ningekufa dakika ile ningekufa nina mama.

Laiti tungeishia hapo.

Lakini yule ni fundi, na fundi akishika nguo hawezi kuacha kuikagua. Bado analia akaligeuza gauni nje ndani. Vidole vikatambaa mpaka kiunoni, vikakuta vile vitanzi vinne. Nyuzinyuzi za pamba yangu zilikuwa bado zimenasa humo. Akazivuta, akazisugua kwa kidole gumba.

"Ulifunga hapa."

"Nisamehe, mama. Niliviona vipo. Nilidhani ni vya kutundikia."

"Gauni hutundikwa mabegani, Fundi. Nani anatundika gauni kwa kiuno?"

Alisema kama anavyomkemea mwanafunzi. Kisha akapitisha kidole kwenye kila kitanzi.

"Nilivishona mimi," akasema. "Ulidhani ni vya nini?"

Nikainua kichwa.

"Nami mimba zilinitoka mbili," akasema. "Mama wa mume wangu akaniambia, ya tatu ikitoka, utoke nayo. Ikatoka. Mume wangu yuko safarini, mimi niko peke yangu na cherehani. Nilikuwa na mteja, binti mdogo, mimba yake hakuna anayeitaka. Alikuja nimshonee kitu cha kumsitiri. Nilimpima yeye, nikajijaza mimi." Akanipapasa shavu. "Kama wewe. Hukukosea popote, mwanangu, ulifuata nyayo tu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Wewe umefika mkunjo wa saba, ukaona haya, ukarudi. Mimi nilifika wa tisa."

Nikashika ukingo wa kitanda.

"Miaka yote nakwambia gauni hili limemzaa. Umewahi kunisikia nikisema nimemzaa mimi?"

Sikuwahi. Nikakumbuka kila alipolishika, na sikuwahi.

"Yule binti alinikabidhi mtoto asubuhi, amemfunga kwa kitambaa cheupe nilichomkatia. Akasema mpende. Akaondoka, sijamwona tena. Nimempenda. Mungu ananiona, nimempenda mpaka nikasahau."

Nilitaka kumwambia nimemwelewa. Nilitaka kumwambia huyo ni mwanawe kuliko wa kuzaa. Nikafuta macho ili nimtazame usoni, na nilipoyafuta nikaona pazia la mlango limesogezwa.

Alikuwa amesimama hapo mume wangu.

Alikuja siku moja kabla ili atushtue. Vumbi la barabara limemjaa mpaka kwenye kope. Viatu alivivua nje, kama afanyavyo siku zote mama akiwa mgonjwa, ndiyo maana hatukumsikia. Katika kila mkono alishika kofia ndogo ya kitoto, nyeupe.

Alilitazama kwanza tumbo langu lililolala chini ya dera. Akalitazama gauni mapajani mwa mama, mikunjo tisa yote imefungwa. Kisha akamtazama mama. Sijui alisimama pale tangu neno gani. Kwa jinsi macho yake yalivyokuwa, nadhani alisikia ya kutosha.

Nikainuka nusu.

Mama hakujua. Bandeji ilikuwa imemfunga jicho jipya, na lile jingine lilikuwa linatazama mwanga wa mlangoni bila kujua nani amesimama humo. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Tutalianika gauni kesho, mimi na wewe, na majirani waje. Yako hayana aibu. Lakini haya yangu yafie humu. Mwanangu hajui, na hatajua maadamu ninapumua. Akijua ataniangalia kama mtu wa barabarani. Niapie."

Mume wangu hakusogea. Kofia moja ikamponyoka mkononi, ikaanguka sakafuni. Ilikuwa ya pamba, haikutoa sauti.

"Niapie, mwanangu," akasema mama. "Mbona huniapii? Kuna mtu hapo?"